Kioo, Akriliki na Maji ya Kilwa

Mpwa wangu anajenga Kilwa Masoko, upande wa Jimbiza, na ukuta mmoja wa sebule ameuacha wazi kwa makusudi. Hapo anataka tangi la samaki la urefu wa mita mbili, la maji ya chumvi, lenye samaki wa bahari hii hii inayoonekana kutoka barazani kwake. Kila akinipigia simu, shikamoo na marahaba zikishapita, swali ni lile lile: mjomba, nitengeneze la kioo au la akriliki? Mafundi aliowauliza Dar es Salaam wamemvuruga. Mwenye duka la vioo amemwambia akriliki ni plastiki tu, haina maisha. Mwenye karakana ya mabango, ambaye akriliki ndiyo mkate wake, amemwambia kioo kimepitwa na wakati na siku moja kitapasuka usiku kimzamishie nyumba.

Mimi siuzi hiki wala kile. Nimezaliwa Kivinje, nikajifunza kazi ya vioo mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na tangu nirudi kusini nimeyafunga na kuyakarabati matangi ya aina zote mbili, kuanzia Kilwa hadi Mikindani. Swali la mpwa wangu limenirudisha kwenye mambo ambayo nilidhani nimeyasahau, na la kwanza linatoka shuleni.

Nilipokuwa shule ya msingi mwalimu wetu alituvusha kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu tulikuwa tunaujua kwa picha, lakini Husuni Kubwa hakuna mtoto katika darasa letu aliyewahi kuiona. Ni mwendo kutoka kijijini, njia inapita kwenye vichaka, kisha ghafla uko juu ya gema na bahari iko chini yako. Jumba hilo linahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Ndani ya magofu kuna bwawa la pembe nane lililozamishwa chini ya usawa wa sakafu, kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Sisi watoto tulibishana ni akina nani waliokuwa wakibeba maji ya kulijaza. Mwalimu akatuuliza jambo jingine: kwa nini kuta za vyumba nyingi zimelala chini, na kuta za bwawa bado zimesimama?

Hakuna aliyejibu. Akatuambia tuzunguke tukasimame nyuma ya ukuta wa bwawa. Tulipozunguka tukajikuta tumesimama juu ya ardhi, kwa sababu nyuma ya ukuta ule hakuna kitu kingine. Maji yakisukuma kutoka ndani, ardhi inasukuma kutoka nje, na ukuta uliobanwa katikati hauna kazi kubwa ya kufanya. Tangi la sebuleni halina ardhi nyuma yake. Nyuma yake kuna hewa, kochi na watoto wanaocheza, na kila kilo ya maji lazima ibebwe na unene wa ukuta wenyewe na gundi iliyo kwenye pembe. Kila nilipoitwa kupima mahali pa kuweka tangi kubwa, somo la siku ile ndilo lililonitangulia mlangoni.

Gerezani nilifika miaka ya tisini. Fundi aliyenifundisha hakuwa mtu wa maneno mengi. Kazi yetu kubwa ilikuwa madirisha na makabati ya dukani, lakini alijulikana pia kwa matangi, na wenye migahawa pamoja na familia za Upanga walikuja kwake. Mteja akianza kutaja tangi refu na la kina, fundi alinyanyua kopo la maziwa alilolitoboa matundu matatu kwa wima, akalijaza maji mbele yake. Tundu la juu lilichuruzika tu. La kati liliruka kidogo. La chini lilirusha maji hadi kwenye viatu vya mteja. Halafu akasema: urefu utaniambia wewe, kina nitakuambia mimi.

Hesabu yake naifanya mpaka leo. Ukuta wa mbele wa tangi la mita mbili, lenye maji ya bahari ya kina cha sentimita 60, unasukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 370 hivi. Pandisha kina hadi sentimita 90, urefu ukibaki ule ule, nguvu hiyo inapita kilo 800. Kina kimeongezeka kwa nusu tu, mzigo umezidi maradufu. Hili halichagui kioo wala akriliki. Watu wengi huja wameshaamua kina kwa sababu ya uzuri wa picha waliyoiona, kisha ndipo wanauliza ni kitu gani kitakachobeba mzigo huo, wakati ukishusha kina, nusu ya matatizo yako imekwisha na bado mkono unafika chini kusafisha bila kupandia kiti.

Pale Gerezani ndipo nilipoijua silikoni. Silikoni ya kujengea tangi hunuka siki inapokauka, na harufu hiyo ikiisha kabisa, baada ya wiki moja hivi, unaweza kutia maji. Ile ya bafuni, iliyoandikwa kwamba inazuia ukungu, usiiguse. Dawa iliyowekwa ndani yake kuua ukungu hutoka kidogo kidogo kwenye maji, na samaki hawaiwezi. Tuliletewa tangi lililotengenezwa kwingine ambalo mwenyewe alikuwa amezika samaki mpaka amekata tamaa, akiamini maji ya mtaa wake ni mabaya. Fundi hakupima maji. Aliuliza tu tangi lilizibwa kwa silikoni gani, na mtu akatoa mfukoni kichwa cha kopo lenyewe. Ilikuwa ya bafuni.

Tulilitenganisha lote. Unapitisha wembe mpya sambamba na kioo, polepole, na silikoni ya zamani inanyanyuka utepe mzima kama umeianza vizuri. Mabaki unayasugua kwa spiriti mpaka kidole kikipita kioo kinalia. Kisha unapaka mpya kutoka kona hadi kona bila kusimama, maana ukisimama katikati unaacha kipovu, na kipovu hicho ndicho kitakachovuja mwakani. Mwisho unalainisha kwa kidole kilicholoweshwa maji ya sabuni, mara moja tu, usirudie. Vipande vyote vitano vya kioo tulivitumia upya. Gharama ilikuwa makopo ya silikoni na kazi ya mchana mmoja. Samaki waliowekwa baadaye waliishi.

Kuanzia hapo nilianza kuutazama uzuri wa kioo tofauti na wauzaji. Watu husifu ugumu wake. Mimi nakisifu kwa sababu kinakubali kurudiwa. Kiungo kikiharibika unakata, unasafisha, unaanza upya, na kifaa unachohitaji ni wembe. Akriliki haiungwi hivyo. Kingo zake huunganishwa kwa dawa inayoyeyusha uso wa vipande viwili ili vishikane viwe kitu kimoja. Kikifanywa na anayejua, kiungo hicho ni imara ajabu. Kikifanywa vibaya, hakuna kukwangua na kurudia, unakata kipande na kutafuta kingine.

Na wanaojua kwetu ni wachache. Karakana za mabango zimejaa akriliki, lakini bango halibebi maji. Wanakata kwa mashine ya leza, ukingo unatoka unang'aa kabisa, mteja anafurahi. Ukingo huohuo una mkazo uliobaki ndani kwa sababu ya joto la leza, na ukigusana na dawa ya kuungia huota nyufa nyembamba. Kwa herufi za jina la duka haidhuru kitu. Kwa tangi la lita mia saba ni hatari. Fundi wa matangi hukata kwa msumeno, akalainisha ukingo, na hutafuta akriliki iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya ile iliyosukumwa kwa mashine, maana ya kwanza huvumilia dawa vizuri zaidi.

Nisije nikaonekana ninaiponda akriliki, maana niliipenda sana siku nilipolifunga tangi langu la kwanza la aina hiyo. Lilikuwa la hoteli moja ndogo katika pwani hii, mahali pasipofikika kwa gari. Mwenye hoteli aliliagiza nje likiwa limeshaungwa. Kioo cha milimita 12 kina uzito wa kilo 30 kwa kila mita ya mraba, akriliki ya unene huo haifiki hata kilo 15. Tulilipakia kwenye mashua asubuhi kabla kusi haijachafuka, tukalivusha, vijana wanne wakalishusha wakiwa ndani ya maji ya kiunoni na kulipandisha ufukweni mabegani. La kioo la ukubwa ule nisingekubali hata liingie mashuani. Likigonga ubavu wa mashua mara moja, safari imeishia hapo.

Tulipolijaza, wote tulinyamaza. Kioo cha kawaida kina chuma kidogo ndani yake, na kadiri kinavyokuwa kinene ndivyo kinavyozidi kutia ukijani, ukitazama kwa ubavu ndipo unauona hasa. Akriliki haina rangi hiyo. Tena namna inavyopinda mwanga inakaribiana zaidi na maji kuliko kioo, kwa hiyo samaki akipita karibu na kona havurugiki sana machoni. Tulimwona kangaja mmoja, mstari wake wa manjano karibu na mkia, kwa namna ambayo mimi, mtoto wa Kivinje, sikuwa nimewahi kumwona isipokuwa nilipozamia.

Niliporudi baada ya msimu, sikumwona vizuri tena. Ukuta wa mbele ulikuwa na ukungu usiofutika. Nilikaa pembeni nikasubiri jua la jioni liingie kwa ubavu, na hapo kila kitu kikajieleza. Kulikuwa na mikwaruzo ya duara, mamia, iliyofuata mzunguko wa mkono wa mtu anayefuta. Na chini yake kulikuwa na nyufa nyembamba za ndani kwa ndani, ambazo hata ukipitisha ukucha huwezi kuzihisi.

Mikwaruzo ilitokana na mchanga. Sponji la kusafishia lilihifadhiwa ufukweni, kwenye ndoo. Mchanga wetu una aina mbili. Ule mweupe, wa matumbawe na makombe yaliyosagika, ni laini kuliko kioo, hauwezi kukikwaruza. Ule unaoshushwa na mito, kama Mavuji na Lukuledi, una punje za mawe magumu kuliko kioo, huo unakikwaruza. Akriliki inakwaruzwa na yote miwili. Hata kitambaa cha meza kilichokaa upepo wa kusi siku nzima kinatosha. Na ndani ya tangi alikuwamo pono mmoja mkubwa kidogo, samaki ambaye kazi aliyoumbiwa ni kukwangua mawe kwa mdomo, naye alikuwa amesaidia kwa upande wake.

Nyufa zile za ndani zilitokana na dawa ya kufutia madirisha. Dawa hizo mara nyingi huwa na spiriti au amonia, na akriliki haitaki hata kimoja. Kijana aliyekuwa akifuta hakuwa na kosa lolote. Aliona kitu kinachong'aa kama dirisha akakifuta kama dirisha, na aliyemtangulia, ambaye nilimwelekeza kwa mdomo na kwa vitendo, alikuwa ameshaacha kazi.

Nilikaa pale kung'arisha. Hapa akriliki ilinionyesha wema wake, kwa sababu mkwaruzo juu yake unaondoka. Unaanza na msasa laini na maji, unapanda hadi msasa laini kabisa, unamalizia na dawa ya kung'arishia na kitambaa safi. Mkwaruzo wa kioo huo ni wa kudumu, utaishi nao. Lakini kwa upande wa ndani ilibidi samaki watolewe na maji yamwagwe, na nyufa za dawa hazikutoka zote. Nilichoondoka nacho pale ni kwamba akriliki inamtaka mtu mmoja anayeijua, anayekaa, mwenye vitambaa vyake ambavyo hakuna mwingine anayevigusa. Nyumba ya pwani ina wageni, ina watoto wa ndugu, ina dada wa kazi anayebadilika, ina milango iliyo wazi mchana kutwa. Mpwa wangu yeye mwenyewe yuko Dar wiki nzima.

Mwezi Desemba mwaka 2022 nilikuwa Lindi mjini wakati habari ya Berlin ilipoingia kwenye simu za watu. Berlin si mji wa mbali kwa watu wa Lindi. Tangu mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa Tendaguru, wapagazi wetu wakaibeba hadi bandari ya Lindi, na mjusi yule mkuu amesimama hadi leo katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Sasa ikaja habari kwamba mnara wa maji wenye samaki, wenye kimo cha karibu mita 14, uliokuwa katikati ya hoteli katika mji huohuo, umepasuka alfajiri ya tarehe 16. Lita milioni moja zilimwagika hadi barabarani, na karibu samaki wote wapatao 1,500 walikufa. Watu wawili waliumia. Ingekuwa mchana, ingekuwa msiba mkubwa.

Vijana wa mjini walinifuata wakisema, mzee, umeona kioo kilivyofanya? Niliwaeleza kwamba ule haukuwa mnara wa kioo. Ulikuwa wa akriliki, na matangi makubwa ya dunia karibu yote ni ya akriliki, kwa sababu vipande vyake vinaweza kuunganishwa kimoja juu ya kingine hadi unene ambao kioo hakifikii. Lile la Churaumi, Okinawa, lililofunguliwa mwaka 2002, lina ukuta wa urefu wa mita 22.5, kimo mita 8.2, na unene wa sentimita 60. Huwezi kuujenga ukuta huo kwa kioo.

Mtaalamu aliyechunguza mabaki ya Berlin hakuweza kutaja chanzo kimoja. Aliacha mezani mambo kadhaa yanayowezekana: gundi ya viungo, jeraha dogo lililoachwa wakati wa ukarabati, na ukweli kwamba mnara uliwahi kumwagwa maji ukakauka kisha ukajazwa tena. Hilo la tatu lilinigusa. Akriliki hunywa maji. Kwa kiasi kidogo sana, lakini hunywa, na upande wa ndani uliolowa huvimba kuliko upande wa nje uliokavu. Ukilimwaga tangi na kuliacha likauke, uso wa ndani hunywea upesi kuliko kiini chake, na hapo ndipo mkazo unapozaliwa. Hoteli za pwani yetu hufunga wakati wa masika. Wenye nazo humwaga tangi, wakaliacha tupu karibu na dirisha lenye jua, wakarudi mwezi wa sita kulijaza. Kioo hakijali. Akriliki inajali sana. Ongeza na joto: akriliki hutanuka karibu mara nane kuliko kioo, kwa hiyo kipande cha mita mbili kikipanda nyuzi joto 10 kinaongezeka zaidi ya milimita moja, na fremu ya chuma iliyokibana sawasawa haikipi nafasi.

Lakini lililonipa msimamo kabisa ni Mei ya mwaka 2024, wakati wa kimbunga Hidaya. Mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga na Mikereng'ende, magari yakalala pande zote mbili, bidhaa zikapanda bei. Katika nyumba moja ya Lindi sakafu ilititia kona moja, meza ya tangi ikapinda, na kioo cha ubavuni kikapata ufa kutoka chini hadi nusu. Hakikuanguka. Kioo cha kawaida kinapopata ufa mara nyingi huanza kwa kuvuja, kikakupa muda wa kutafuta ndoo na kuhamisha samaki. Ndiyo maana siwatengenezei watu tangi kwa kioo kilichochomwa kikapozwa ghafla, kile cha milango ya maduka, hata kama kinasifiwa kwa nguvu. Hicho kikishindwa, kinamwagika chote kwa mpigo mmoja, punje tupu.

Fundi alminiamu wa mjini palepale alikuwa na kioo cha unene ule, kilichobaki kwenye kazi ya duka. Tukakata, tukaunga, tukasubiri silikoni ikauke, tangi likarudi kazini wakati barabara ikiendelea kutengenezwa. Wakati huo huo kulikuwa na mtu mwingine katika wilaya hiyo hiyo aliyekuwa akingoja bamba la akriliki ya milimita 20. Si barabara tu iliyomkwamisha. Unene huo haukuwapo madukani, uliagizwa nje. Kioo, kwa upande mwingine, sasa kinatengenezwa njiani kwetu kabisa. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha kioo Mkuranga, kwenye ile ile Barabara ya Kilwa tunayopita kwenda Dar. Kwa mtu anayejenga kusini, umbali kati ya tangi lake na kipande cha akiba ni jambo zito kuliko ukijani wa kioo.

Kwa hiyo nimemjibu mpwa wangu, na jibu lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kwamba asijenge tangi la kuta nne za kuona. Ukuta wake upo, uko sebuleni, unasubiri. Ajenge hodhi la zege lenye pande tatu na sakafu, likae juu ya msingi wake lenyewe kwa sababu maji peke yake yatakuwa karibu kilo 740, na upande wa mbele tu aache dirisha. Husuni Kubwa iliuachia ukuta kazi ya kusimama na ardhi kazi ya kusukuma, na zege litafanya kazi hiyo ya ardhi. Ndani lipakwe epoksi isiyodhuru samaki, tabaka juu ya tabaka, maana chumvi ikifika kwenye nondo kutu itapasua zege kutoka ndani, na saruji mbichi hutoa chokaa inayochoma samaki. Kabla ya yote lijazwe na kumwagwa mara kadhaa.

Sehemu ya pili ni dirisha. Liwe kioo, tabaka mbili za milimita 8 zilizogandishwa pamoja, ili moja ikipasuka nyingine ishike. Kibandikwe kwa ndani ya fremu, si kwa nje, ili maji yenyewe yakikandamize kwenye kiti chake usiku na mchana. Kina kisizidi sentimita 60. Kama moyo wake hauukubali ukijani, atafute kioo chenye chuma kidogo zaidi ya cha kawaida, kipo Dar kwa bei ya juu, na kwa kipande kimoja anaweza kuimudu gharama ambayo kwa vipande vitano asingeimudu.

Aliniuliza, basi mjomba, akriliki ni ya nani? Ni ya anayevusha tangi kwa mashua kwenda Songosongo au Songo Mnara. Ni ya anayetaka ukuta wa mduara, au kina cha mita moja na zaidi, na ana uwezo wa kumweka mtu wa kulitunza. Na asimsikilize anayemwambia kwamba akriliki hugeuka njano kwa jua. Akriliki halisi huvumilia jua miaka mingi, zinazogeuka njano upesi ni plastiki nyingine zinazouzwa kwa jina lake. Sifa moja wanayoitaja sana wauzaji, kwamba akriliki hutunza joto la maji, ni sifa ya nchi za baridi. Sisi shida yetu ni kinyume chake. Maji ya moto hayashiki hewa nyingi, na umeme ukikatika saa za mchana mwezi Februari samaki huanza kupandia juu kutafuta pumzi. Nimemwambia anunue pampu ya hewa ya betri kabla hajanunua taa za rangi.

Yamebaki mambo ya samaki wenyewe, na hapa nimekuwa mkali kuliko kwenye kioo. Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara walimtoa silikanti, samaki ambaye dunia nzima ilidhani aliisha pamoja na mijusi wakubwa wa mwisho mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Watu walisema angewekwa kwenye tangi, watalii wangejaa Kilwa. Hakuna tangi la kumweka. Anaishi kwenye giza na baridi ya vilindi, ukimleta juu amekufa au anakufa. Pwani hii pia imepigwa baruti miaka mingi, na anayezamia anajua ni miamba mingapi iliyobaki vifusi vyeupe ambako zamani palikuwa na matumbawe na vitatange wawili wawili. Siwezi kumsaidia mtu kujenga dirisha zuri la kutazamia bahari kisha akalijaza kwa kuikwangua bahari yenyewe.

Tumekubaliana kwamba ataandika kwanza kwa afisa uvuvi wa wilaya. Hatachukua jiwe hai hata moja la matumbawe. Pono hatamweka, kwa ajili ya kioo na kwa ajili ya pono. Kitatange naye amwache, kwa sababu aina nyingi hula matumbawe na sifongo, tangini hukonda hadi kufa. Maji yatazunguka kwanza wiki nne hadi sita bila samaki, mpaka vijidudu vinavyokula uchafu viwe vimeshika kwenye mchanga na mawe, na baada ya hapo wataingia samaki wawili watatu wadogo wa aina zinazokula kila kitu, wa kuokotwa vidimbwini bamvua likitoka, ambako wengi wao jua la mchana lingewamaliza.